AFCON 2027 kutoka Mombasa: panga safari ukianzia getini

Wengi wetu tukipanga safari ya mpira huanzia nyumbani: nitatoka lini, nitapanda nini, nitalala kwa nani, na mambo ya uwanjani yatajulikana huko huko. Nakusihi uigeuze hesabu hiyo. Anza na geti la uwanja na saa unayotakiwa kulipita, kisha rudi nyuma kituo kwa kituo mpaka ufike mlangoni kwako Changamwe, Kisauni au Likoni. Serikali nayo hupanga hivyo. Kila barabara itakayofungwa na kila foleni ya upekuzi huhesabiwa kutoka ile saa ya filimbi ya kwanza. Asiyeijua hesabu hiyo hufika na tiketi mkononi akakuta geti limeshafungwa.

Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 tarehe 27 Septemba 2023. Hakuna hata moja kati ya nchi hizi tatu iliyowahi kuliandaa; ukanda wetu wa mashariki uliliona mara ya mwisho mwaka 1976, nchini Ethiopia. Timu ni 24, na viwanja vimetawanyika nchi tatu. Mombasa haimo katika orodha ya viwanja vya Kenya, kwa hivyo kwetu kila mechi ni safari, na safari nyingine ni ya kuvuka mpaka.

Hatua ya kwanza: ujue ulinzi umepangwaje

Kwa mechi kubwa, vyombo vya usalama huugawa mtaa wa uwanja kwa mizunguko mitatu. Wa nje uko mbali na uwanja, na kazi yake ni magari: hapo ndipo matatu na magari ya binafsi hugeuzwa, nawe ukaanza kutembea. Wa kati ni wa tiketi. Hapo hupekuliwi, unaonyesha tiketi tu, na asiyekuwa nayo anarudishwa kabla hajafika karibu na ukuta. Wa ndani ndio wa upekuzi wenyewe: mashine za kutambua chuma, mikoba kufunguliwa, mwili kupapaswa, kisha mageti ya kuzunguka yanayosoma tiketi yako na kukuruhusu mmoja mmoja.

Mgeni akiyaona haya hudhani ni usumbufu wa askari. Ukweli ni kwamba kila mzunguko una kazi ya kupunguza watu wanaofika kwa pamoja mahali pamoja. Tarehe 23 Oktoba 2010, kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards katika uwanja wa Nyayo, watu saba walikufa kwa kukanyagana. Tarehe 24 Januari 2022, Kombe hili hili la Afrika likichezwa Cameroon, watu wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembe, Yaoundé, mashabiki walipojaa kwenye lango kabla ya mechi ya wenyeji na Komoro. Hao hawakufa kwa bomu wala kwa risasi. Waliuawa na uzito wa watu wenzao mlangoni.

Anayevuka feri ya Likoni asubuhi za kazi analijua hili bila kufundishwa: wingi wa watu wenyewe hautishi, hatari ni pale lango linapofunguliwa ghafla, na walio nyuma wakasukuma bila kuwaona walio mbele. Basi ukiwa kwenye foleni ya uwanja, uangalie mwili wako. Ukiona mabega yako yameguswa pande zote na huwezi kuinua mikono kwa urahisi, hapo pameshakuwa pabaya, hata kama watu bado wanaimba. Usisubiri kelele. Kunja mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kupumua, usishindane na wimbi linalokusukuma, na linapotulia jongea kimshazari kuelekea pembeni. Kitu kikianguka, kiache. Simu inanunuliwa tena.

Kuna jambo jingine la ulinzi litakalokukuta njiani. Tarehe 8 Januari 2010, siku mbili kabla ya Kombe la Afrika kuanza Angola, basi la timu ya Togo lilimiminiwa risasi katika jimbo la Cabinda. Watu walikufa na Togo ikajitoa mashindanoni. Misafara ya timu tangu hapo haichukuliwi kimzaha. Barabara itafungwa mbele yako ghafla, askari hatakueleza sababu wala muda, na dereva atakayejaribu kupenya ataingia matatani. Kwenye hesabu yako weka saa nzima ya ziada kwa ajili hiyo pekee.

Hatua ya pili: tiketi, kisha hesabu ya saa

Nunua tiketi kwenye mtandao rasmi utakaotangazwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, na kamati ya maandalizi, na kwingine kokote usitoe hata shilingi. Agosti 2025, kwenye mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wa ligi za ndani, mashabiki walivunja utaratibu wa kuingia Kasarani, na CAF ikapunguza watazamaji wa mechi ya Kenya na Zambia ya tarehe 17 hadi 27,000, tena kwa tiketi za kielektroniki tu. Liweke hilo akilini unaponunua. Siku hizi tiketi ni ile alama inayosomwa na mashine, na mashine huisoma mara moja tu. Ukiipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp kujionyesha, yeyote aliye nayo anaweza kutangulia getini, nawe ukifika mashine ikakukataa. Ndiyo sababu pia tiketi ya kununua kwa mtu mtaani haina maana: aliyekuuzia wewe anaweza kuwa amewauzia wengine kumi.

Hifadhi tiketi kwenye simu kwa namna ambayo itafunguka bila bando, maana mtandao huzidiwa watu wakijaa. Chaji simu usiku, na mpe mwenzako mmoja unayemwamini nakala, mmoja tu.

Ukishaipata, soma geti lililoandikwa. Kasarani, Nyayo au uwanja mpya wa Talanta kando ya Ngong Road, uliokusudiwa kubeba watu 60,000, kila kimoja kina mageti kadhaa, na barabara ya kufikia geti moja si ya kufikia jingine. Sasa chukua kalamu. Tuseme mpira ni saa moja usiku, Kasarani. Uwe umekaa kwenye kiti saa kumi na mbili. Kwa hivyo uwe kwenye foleni ya upekuzi saa kumi, saa kumi na nusu ukichelewa. Kufika hapo kutoka katikati ya Nairobi kwa Thika Road, siku ya mechi, toka saa nane mchana. Basi safari ya kutoka Mombasa haiwezi kuwa ya siku hiyo hiyo, isipokuwa unataka kuichezea bahati yako.

Hatua ya tatu: Mombasa hadi Nairobi

Kwa ratiba tuliyoizoea, treni ya SGR hutoka Miritini saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri na saa nne usiku. Ya asubuhi husimama Mariakani, Voi, Mtito Andei na stesheni nyingine, kwa hivyo huwasili Syokimau mchana, na kutoka Syokimau bado una mji mzima wa kuuvuka. Ya saa nne usiku hukufikisha usiku wa manane, saa ambayo mgeni hana pa kwenda. Ushauri wangu ni treni ya saa tisa alasiri, siku ya kabla ya mechi. Unafika mapema usiku, unakula, unalala, asubuhi una akili timamu. Angalia ratiba upya wiki ya safari, kwa sababu wakati wa mashindano inaweza kubadilishwa.

Kata tiketi ya treni mapema, kwa *639# au mtandaoni, na majina na namba ziwe zile zile za kitambulisho chako. Ukaguzi wa Miritini tunaujua: mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wapite wakinusa, kisha mashine, kisha kitambulisho, kisha mashine tena. Huo wenyewe ni saa moja. Visu, hata cha kumenyea maembe, kiache nyumbani.

Watu wa Likoni, Diani na Msambweni wasifanye kosa la kuvuka feri kuja kisiwani kisha warudi Makupa na Changamwe. Barabara ya Dongo Kundu hukutoa Kusini moja kwa moja hadi Miritini bila kugusa maji. Wa Nyali, Bamburi na Mtwapa hamna njia ya mkato ya namna hiyo. Tokeni mapema mno, hasa ikiwa ni Ijumaa.

Wanaokodi basi nawaomba wasikilize kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo roho hupotea, kuliko uwanjani kwenyewe. Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480. Sheria ya barabarani ya Kenya humkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Safari hiyo kwa basi, na vituo vyake na misururu ya malori, huzila saa hizo zote. Kwa hivyo basi lolote la mashabiki ni la madereva wawili, na mwulize mwenye basi majina ya wote wawili kabla hujalipa. Matatu ya kwenda Bamburi haiwi gari la Nairobi kwa kubandikwa bendera. Inahitaji kibali cha NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, cha kutoka nje ya njia yake. Na haijalishi timu imeshinda au imeshindwa, msirudi usiku ule ule. Dereva aliyeshangilia tangu mchana hana macho ya kuendesha Mtito Andei ama Mackinnon Road alfajiri. Lalini Nairobi. Gharama ya kitanda kimoja ni ndogo.

Hatua ya nne: kuvuka mpaka

Mechi za Tanzania na Uganda zina sheria zake, na hapa wenzetu wengi watakwamia.

Uganda utaingia kwa kitambulisho cha taifa cha Kenya. Makubaliano hayo yapo tangu 2014. Tanzania haipokei kitambulisho. Unahitaji pasipoti ya Afrika Mashariki au hati ya muda ya kusafiria, na zote huombwa kupitia eCitizen. Ukiwa huna pasipoti, omba mwaka huu. Ukiomba wiki mbili kabla, pamoja na maelfu ya mashabiki wengine, utaitazama mechi kwenye televisheni. Vijana wa Pwani ambao bado hawana hata kitambulisho ndio wa kuanza kabisa, kwani bila hicho hakuna pasipoti, na hata treni hupandi. Mzazi anayemchukua mtoto abebe cheti cha kuzaliwa na, kama mzazi mwingine hasafiri, barua yake ya ridhaa.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku kumi au zaidi kabla ya kuvuka, kwa kuwa cheti huanza kufanya kazi baada ya siku hizo. Ukishachomwa mara moja, kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani tangu 2016, cheti ni cha maisha. Cha kununua mpakani bila kuchomwa sindano ni kujidanganya afya na kuvunja sheria kwa pamoja.

Njia ya Dar es Salaam kwetu ni Lunga Lunga kuingia Horohoro, kisha Tanga na kuendelea. Pale ni kituo cha pamoja: unashuka mara moja, unagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania katika jengo moja. Usifurahi ukapita bila muhuri kwa kuwa umati ni mkubwa. Asiye na muhuri yuko nchini kinyume cha sheria, na siku ya kurudi ndipo atajua. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi 60,000, uko Temeke. Safari kwa basi ni ya kutwa, basi nenda siku moja kabla, kama ile ya Nairobi.

Kuna uwanja mpya unaojengwa Arusha kwa ajili ya mashindano haya. Watu wa Mombasa husikia Arusha wakafikiria Nairobi kwanza, kisha Namanga. Hapana. Pitia Voi, Mwatate, Taveta, uvuke Holili, upite Moshi. Ni takriban kilomita 400, pungufu ya safari ya Nairobi. Kama timu ya Kenya haitakuwa hapo, bado ningekushauri uiangalie ratiba ya Arusha kwa jicho jingine, kwa kuwa kwetu huenda ndiyo mechi ya karibu kuliko zote.

Kampala ni mbali. Kwa barabara ni Nairobi kwanza, kisha Malaba au Busia, na ninawashauri muigawe safari kwa kulala Nairobi.

Anayekwenda na gari lake atafute bima ya COMESA, ile kadi ya njano, inayokubalika Uganda na Tanzania. Bima ya Kenya peke yake inaishia mpakani. Abebe pia kitabu cha gari, na kama si lake, barua ya mwenyewe.

Na sasa jambo ambalo watu hulinong'ona. Miraa, au mirungi kama waitavyo upande wa pili, ni dawa ya kulevya kwa sheria ya Tanzania. Haijalishi kwamba Mombasa inauzwa kibandani kando ya kituo cha polisi. Kifurushi kimoja ndani ya basi kinaweza kuwaweka abiria wote chini ya ulinzi hadi mwenyewe ajulikane. Msimamizi wa safari awe na ujasiri wa kusema kabla ya Lunga Lunga: nani anayo, aitoe hapa. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku pande zote mbili, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Fungasheni kwa kikapu.

Pesa badilisha benki au duka la fedha lenye leseni, na ukivuka tumia shilingi ya huko.

Hatua ya tano: orodha ya watu

Kundi lolote linalosafiri, hata la watu wanane, liwe na orodha: jina kamili, namba ya kitambulisho au pasipoti, simu, simu ya mtu wa nyumbani, na ugonjwa wowote wa kujulikana kama pumu, sukari au kifafa. Nakala tatu: moja kwa kiongozi, moja kwa dereva, moja abaki nayo mtu wa Mombasa ambaye hasafiri. Huyu wa tatu ndiye muhimu. Kukitokea ajali Mtito au vurugu uwanjani, simu za walioko huko hazitapokewa. Hospitali na Msalaba Mwekundu watahitaji mtu aliyetulia, mwenye majina. Wazazi wetu wamehangaika vya kutosha kwenye malango ya hospitali wakitaja jina la utani la mtoto wao ambalo daktari halijui.

Kila watu kumi wawe na mkuu wao, na kila kumi wapatane mahali pa kukutania nje ya uwanja iwapo mtapotezana. Pasiwe "pale getini". Pawe kituo cha petroli au msikiti, mahali panapoonekana na palipo mbali na geti.

Namba za dharura: Kenya na Uganda ni 999 au 112, Tanzania 112. Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Ziandike kwenye karatasi pia.

Hatua ya sita: siku yenyewe

Nenda mwepesi. Mkoba mkubwa utakurudisha nyuma ya foleni au utakufanya uuache kwa mtu usiyemjua. Chupa za kioo na mikebe, fataki na moshi wa rangi, miali ya leza, miavuli mirefu yenye ncha, fimbo za bendera za chuma, droni: vyote hivyo ni vya kunyang'anywa, na fataki ni za kukamatwa. Dawa unazotumia zibebe na karatasi ya daktari.

Wanawake hupekuliwa na maaskari wanawake, na foleni yao huwa ya peke yake. Dada aliyevaa nikabu anaweza kuombwa afunue uso ili alinganishwe na kitambulisho. Ana haki ya kuomba afanye hivyo mbele ya askari mwanamke, pembeni. Liseme kwa upole, mapema, kabla foleni haijakusukuma. Swala nazo zipange. Kwa mechi ya saa moja usiku, magharibi itakukuta umekaa kwenye kiti au umekwama foleni. Mwenye udhuru wa safari anajua ruhusa aliyopewa; asiye na hakika amuulize imamu wake kabla ya kutoka Mombasa, asije akaanza kutafuta mahali pa kuswali katikati ya njia ya kupita watu.

Watu wa vizibao vya kung'aa ndani ya uwanja si polisi, ni wasimamizi. Wao ndio watakaokuonyesha kiti na mlango wa dharura. Ukishakaa, geuka utazame: mlango wa karibu zaidi ni upi? Mara nyingi si ule ulioingilia.

Vijana wetu wa Pwani wana sababu za kuogopa polisi, na sitajifanya sizijui. Ukisimamishwa, toa kitambulisho, ongea taratibu, mikono ionekane. Ukikamatwa nchini Kenya, Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili au mtu wa kukusaidia, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Mkuu wako wa watu kumi aandike jina la kituo na namba ya askari, aijulishe Mombasa. Asianze kubishana barabarani. Tanzania na Uganda ukipata shida, ubalozi wa Kenya uko Dar es Salaam na Kampala. Namba zao ziwe kwenye orodha.

Filimbi ya mwisho ikipigwa, kaa. Robo saa, nusu saa. Wanaokimbilia kutoka pamoja ndio hukanyagana, na nje hakuna matatu itakayopata njia kabla ya muda huo.

Kwa watakaobaki Mombasa

Si kila mtu atasafiri, na skrini kubwa itawekwa kila mtaa. Nawaomba wanaoandaa wakumbuke Kampala, 11 Julai 2010. Watu walikuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa wa Kiethiopia huko Kabalagala. Mabomu yaliua zaidi ya 70. Hakuna aliyekuwa kwenye uwanja wa mechi yenyewe. Walikuwa wametulia mbele ya skrini, kama sisi tutakavyokuwa.

Mpeni mkuu wa kituo cha polisi cha eneo lenu taarifa kwa maandishi. Kwa mikutano ya hadhara, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa ifike siku tatu au zaidi kabla, isizidi siku kumi na nne; fuateni muda huo. Taja mahali, tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na jina la mwandalizi. Msiipeleke kama watu wanaoomba fadhila. Ukiipeleka, polisi wanajua mpo, na mkiwahitaji watajua pa kuja. Vibali vya kaunti, vya burudani na vya kelele, ni safari nyingine ya kaunta, na haki za kuonyesha mechi hadharani zina wenyewe. Ulizeni kabla ya kukodi skrini.

Mahali pawe na njia mbili za kutokea, zilizo wazi mpira wote, bila pikipiki wala jenereta kuegeshwa mbele yake. Eneo la wazi ni zuri kwa hili. Ua wa jengo lenye mlango mmoja wa chuma, hata kama ni wa bure, mkatae. Wekeni watu wanne mlangoni, wawili wanaume na wawili wanawake, wa mtaa huo huo wanaojua sura, na mikoba yote ifunguliwe, pamoja na ya mwenyekiti. Mkoba uliokaa peke yake chini ya kiti, usiuguse wala usiupige teke; tulizeni sauti, ondoeni watu upande ule, pigeni 999. Nyaya za umeme zipitishwe juu, maana mvua ya Mombasa haipigi hodi. Na mtangazaji mwenye kipaza sauti aambiwe kabla ya mechi maneno atakayosema iwapo watu watatakiwa kutoka: njia ipi, upande upi, watembee. Akayarudie mara mbili akiwa mtulivu, watu wakiwa bado wachache, jioni ile ya kwanza.